Vifuko Tisa Nyuma ya Mlango: Namna ya Kushona Mfuko wa Kuning'iniza kwa Foronya na Khanga

Wengi ninaowafundisha cherehani wananirudia na kasoro ileile. Mfuko ukiwa mtupu mezani unapendeza. Ukitundikwa na kutiwa kopo la mafuta, kitana na jozi mbili za soksi, unajikunja katikati kama jani la mgomba lililokauka. Midomo ya vifuko inabana, mkono hauingii. Baada ya mwezi kona moja imeshachanika.

Nimeifumua mifuko ya namna hiyo mingi, na mara nyingi sababu ni moja kati ya tatu. Kifuko kimeshonwa bapa, hakina nafasi ya kuvimba. Mfuko umetundikwa kwa kamba mbili za kona badala ya fimbo. Au mshonaji amekata mapindo yaliyokwisha kushonwa kiwandani, kisha akahangaika kuyapinda upya.

Hili la tatu ndilo linaloniuma zaidi, maana faida yote ya kutumia foronya badala ya kitambaa cha dukani ni kwamba nusu ya kazi imeshafanyika. Ina pande tatu zilizofungwa na mdomo uliopindwa, tena ni kitambaa cha mara mbili. Katika kazi hii mkasi hauigusi foronya kabisa.

Mfuko tunaoushona una safu tatu zenye vifuko vitatu kila moja. Ni wa chumba kisicho na kabati: kadi ya kliniki, funguo, chaja, soksi za mtoto, nyuzi na mikasi, kila kitu na mahali pake.

## Vifaa

- Foronya moja ya pamba, isiyo na marinda pembeni. Vipimo vya hapa ni vya foronya ya sentimita 50 kwa 75.
- Khanga moja, yaani kipande kimoja cha doti. Yenye urefu wa sentimita 150 na kimo cha 110 inatosha na kubaki.
- Uzi wa polista. Uzi wa pamba wa bei rahisi hukatika kwenye midomo ya vifuko.
- Sindano ya cherehani namba 14, mpya.
- Tepu ya kupimia, chaki ya fundi, pini, mkasi, wembe wa kufumulia, pasi.
- Fimbo iliyonyooka ya sentimita 56. Mpini wa fagio lililovunjika unafaa sana.
- Ubao mwembamba wa sentimita 46 wenye upana wa vidole viwili.
- Kamba imara, kama mita moja.

Kuhusu khanga: usichague ile iliyochakaa mpaka mwanga unapita. Ishike mbele ya dirisha. Ukiona vidole vyako vizuri kupitia kitambaa, hiyo iache iwe ya kubebea mtoto au ya kulalia.

Kama foronya yako ina vipimo vingine, usibadilishe chochote kwa kukisia. Hesabu nitakuonyesha kwenye hatua ya nne.

## Hatua ya 1: Fua vyote viwili kabla ya kupima

Khanga mpya huja na dawa ya kuikaza na rangi ambayo haijatulia. Ukiishona bila kuifua, siku ya kwanza ya kufua mfuko itaruka rangi kwenye foronya, kisha itarudi na kuvuta mishono yote. Ifue peke yake mara mbili, au mpaka maji yatoke meupe. Foronya nayo ifue, kisha piga pasi vyote viwili vikiwa na unyevunyevu kidogo.

Umefanikiwa ukiikunja khanga mara nne na kingo zikakutana bila kuzivuta.

## Hatua ya 2: Tuliza foronya na chora mistari

Laza foronya mezani, upande uliofungwa ukiwa juu na mdomo ukiwa chini. Wengi hufanya kinyume, wanaweka mdomo juu kwa kuwa ndivyo mfuko unavyozoeleka. Hapa tunautaka ule mshono wa kiwandani ubebe fimbo, nao mdomo utatusaidia mwishoni.

Kama foronya yako ina ulimi unaokunjwa ndani kushikilia mto, unyooshe uwe bapa, uuache humohumo.

Sasa piga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya uzi wa rangi tofauti: mistari mitatu ya kushuka na mitatu ya kukatiza, ukishika tabaka zote mbili. Usiruke kazi hii ya dakika kumi. Meno ya cherehani huvuta tabaka la chini haraka kuliko la juu, na bila bandi tabaka hizo zitaachana kidogo kila mstari, mpaka chini unakuta kitambaa kimejaa mikunjo.

Ukimaliza, chora kwa chaki mistari minne ya kukatiza. Pima yote kutoka ukingo wa juu, siyo mmoja kutoka kwa mwenzake: sentimita 5, 25, 46 na 67. Wa kwanza ni njia ya fimbo. Mitatu inayofuata ni vitako vya vifuko.

Kisha chora mistari minne ya kushuka: miwili sentimita 1 kutoka kila ubavu, na miwili ya kugawa nafasi iliyobaki mara tatu. Kila nafasi itakuwa na sentimita 16. Ile sentimita 1 ya ubavuni inaukwepa mshono mnene wa foronya, unaoivunja sindano.

## Hatua ya 3: Njia ya fimbo

Shona mstari wa sentimita 5 kutoka ubavu hadi ubavu, kupita tabaka zote. Mwanzo na mwisho rudisha cherehani nyuma mara tatu.

Baada ya hapo, na siyo kabla, chukua wembe ufumue mshono wa ubavu juu ya mstari huo, sentimita 4 kila upande. Ukifumua kwanza, uzi wa kiwandani utaendelea kuachia mpaka katikati ya foronya. Nyuzi zilizobaki zitoe, na vile vikingo vilivyoachia vikunje ndani na uvishike kwa mshono wa mkono ili fimbo isivikwaruze.

Umefanikiwa fimbo ikipita bila kusukumwa. Ijaribu, kisha itoe.

## Hatua ya 4: Kata khanga

Safu ya juu itakuwa ya vifuko bapa, kwa ajili ya karatasi, kadi na mikasi. Safu mbili za chini ni za vifuko vinavyovimba.

Hapa ndipo penye siri ya mfuko usiojikunja. Ukitia kopo nene kwenye kifuko bapa, kopo linahitaji nafasi, na khanga haina ya kutoa. Basi linaivuta foronya ya nyuma. Vifuko vitatu vikivuta, foronya ya sentimita 50 inabaki na upana wa 40 na kuviringika. Dawa yake ni kuipa khanga ya mbele sentimita 5 za ziada kwa kila kifuko.

Hesabu ni hii. Safu bapa: upana wa foronya, toa 2, ongeza 3 za mishono. Kwa foronya ya 50 unapata 51. Safu inayovimba: hiyo 51 ongeza 15, unapata 66. Kimo cha kila kipande ni sentimita 35, maana tutakikunja mara mbili.

Kata kipande kimoja cha 51 kwa 35 na viwili vya 66 kwa 35.

Neno kuhusu jina la khanga. Likikaa vizuri kwenye safu ya juu, mfuko unapata sura ambayo hakuna kitambaa kingine kitakupa. Lakini lipime kwanza: likizidi sentimita 48 herufi za mwisho zitakatwa, na maneno yaliyokatwa nusu huharibu kazi. Usiliweke kwenye safu za chini, marinda yatalimeza. Na kabla ya kushona, kunja kipande, kilaze juu ya foronya na ukipindue kwa mkono uone maneno yanasomeka wima. Khanga ya kwanza niliyoikata iliandikwa "Wema hauozi", zawadi kutoka kwa shangazi yangu. Sikuijaribu kwa mkono. Nilipopindua safu iliyokwisha shonwa, maneno yalikuwa kichwa chini, na kufumua kuliacha matundu ambayo hayakuzibika.

## Hatua ya 5: Funga ncha na pindua

Chukua kipande kimoja. Kikunje kwa urefu, upande uliokolea rangi uwe ndani, upate ukanda wa kimo cha sentimita 17.5. Shona ncha mbili fupi tu, sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Ule upande mrefu ulio wazi uache. Punguza pembe za ndani kwa mkasi, pindua, sukuma kona zitoke kwa ncha ya penseli, piga pasi.

Ule mkunjo ndio mdomo wa vifuko, na haukuhitaji pindo. Uimarishe kwa mistari miwili ya cherehani, mmoja nusu sentimita kutoka ukingoni na mwingine sentimita 1. Mdomo ndio unaovutwa kila siku. Bila mistari hiyo utalegea kama kola ya fulana ya zamani.

Urefu wa mshono kwa kazi yote hii uwe mishono mitatu hadi minne kwa kila sentimita. Ikibanana zaidi inatoboa khanga na kuigeuza kama karatasi ya stempu.

## Hatua ya 6: Marinda ya safu mbili za chini

Safu bapa haina hatua hii, ila igawe kwa chaki kwenye 16 na 32, kuanzia juu hadi chini.

Ukanda wako sasa una upana wa sentimita 63. Ugawe kwa chaki kwenye 21 na 42, kuanzia juu hadi chini. Sasa fanya kazi kwenye ukingo wa chini ulio wazi.

Katika kila sehemu ya sentimita 21, tia alama mbili upande wa kushoto: sentimita 1 na sentimita 3.5 kutoka mwanzo wa sehemu hiyo. Vuta alama ya 3.5 uilete juu ya alama ya 1, kitambaa kinachozidi kikunjike chini yake. Tia pini. Fanya vivyo hivyo upande wa kulia, ukipima kutoka mwisho wa sehemu. Marinda mawili yanaelekea pembeni, kila moja kwenye ukuta wake, na katikati ya kifuko panabaki laini.

Ile sentimita 1 kati ya rinda na mstari wa chaki ina kazi yake: cherehani itakapopita kugawa vifuko, isikanyage mikunjo.

Ukimaliza yote sita, pima ukingo wa chini. Lazima uwe 48. Ukipata 47 au 49, rekebisha marinda sasa hivi, usiseme utavuta kidogo wakati wa kushona. Kisha piga bandi sentimita 1 kutoka ukingoni na utoe pini.

Umefanikiwa ukanda ukisimama mbele yako umepanuka juu na kubanwa chini, kama sketi iliyogeuzwa.

## Hatua ya 7: Bandika safu kwenye foronya

Hatua hii inawachanganya watu, kwa hiyo isome mara mbili ukiwa na kitambaa mkononi.

Kilaze kipande juu ya foronya kikiwa kichwa chini: mdomo unaelekea chini ya foronya, ukingo ulio wazi unaelekea juu. Uso utakaoonekana uwe umelala kifudifudi. Ukingo ulio wazi uweke sentimita 1.5 juu ya mstari wa chaki, ili mshono wenyewe upite juu ya mstari kamili. Kwa safu ya juu mstari huo ni wa 25. Ncha za ukanda zikutane na mistari ya sentimita 1 ya ubavuni.

Shona juu ya mstari, ukirudisha nyuma mwanzo na mwisho. Chukua mkasi upunguze ukingo ule mpaka ubaki nusu sentimita.

Sasa pindua ukanda uelekee juu. Piga pasi chini pale penye mkunjo. Shona mstari mwingine sentimita 1 kutoka kwenye kitako. Ule ukingo wenye nyuzi umefungiwa ndani. Hakuna uzi utakaochomoza wala kunasa kwenye kitana. Kifuko kinabaki na kina cha sentimita 15.

Rudia kwa mistari ya 46 na 67.

Tahadhari: kwenye marinda cherehani inapita juu ya tabaka nyingi. Punguza mwendo, na pale penye unene zungusha gurudumu kwa mkono. Ukisikia mlio wa kugonga, simama. Sindano imeshaanza kupinda.

## Hatua ya 8: Gawa vifuko

Linganisha mistari ya chaki ya khanga na ile ya foronya. Kwa safu zinazovimba, mdomo utaonekana umejaa na kuinuka. Ndivyo unavyotakiwa, usiubonyeze.

Shona kila mstari kuanzia kitakoni kwenda mdomoni. Cherehani husukuma kitambaa cha juu mbele, na kama kuna ziada kidogo itatokea mdomoni ambako pako huru. Ukianzia mdomoni ziada hiyo itakwama chini na kufanya kijikunjo ambacho pasi haikiondoi.

Ukifika mdomoni, usirudishe nyuma tu ukakata uzi. Shona pembetatu ndogo, kila upande kama nusu ya sentimita, uizunguke mara mbili. Angalia mfuko wa shati la sare ya shule: utaiona palepale kwenye kona. Mkono unapoingia kwa haraka nguvu yote inaishia hapo, na pembetatu inaigawa kwenye nyuzi nyingi badala ya uzi mmoja.

Malizia kwa mbavu mbili za kila safu, kwa namna ileile. Kisha fumua bandi zote.

Jaribio: tia ngumi yako ndani ya kila kifuko cha chini na uifungue. Khanga ivimbe, foronya ya nyuma ibaki bapa.

## Hatua ya 9: Fimbo, ubao, na kutundika

Pitisha fimbo juu. Itokeze sentimita 3 kila upande. Kwa kisu chonga kijishimo kuzunguka kila ncha ili kamba isiteleze, kisha funga kamba pande zote mbili.

Chini, ule mdomo wa foronya uliobaki wazi ni njia ya pili. Ingiza ubao mwembamba ulale chini ya mshono wa safu ya tatu, ufunge mdomo kwa mishono michache ya mkono. Ubao huu unaunyoosha mfuko na kuuzuia usipepee mlango unapofunguliwa. Siku ya kufua, unakata mishono minne na kuutoa.

Kama ni nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hataki misumari, tundika kwenye nondo za dirisha au kwenye mguu wa kitanda cha deka.

Vitu vizito viweke safu ya chini, uzito wake uvute mfuko wote unyooke. Dawa, wembe na sindano vikae safu ya juu, mbali na mikono ya watoto.

## Usipokuwa na cherehani

Mkono unaweza. Tumia uzi mara mbili na mshono wa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele, inarudi ilipotoka mshono uliopita. Mistari miwili ya mdomo unaweza kuipunguza iwe mmoja, lakini pembetatu za kona usiziache. Tenga jioni tatu au nne, na anza na safu moja tu uone mkono wako.

## Kama umeshashona na umejikunja

Fumua mistari ya kugawa ya safu ya katikati na ya chini, kila safu ibaki kifuko kimoja kirefu, utie vitu bapa: madaftari, khanga zilizokunjwa, bahasha. Au zifumue safu zote mbili na ukate ukanda mpya wenye ile ziada ya 15. Foronya haijaharibika, matundu ya sindano yatafunikwa.

## Kifuko cha haraka kwa mguu wa jinzi

Hiki ni cha dakika ishirini, na kanuni ni ileile: pindo la suruali ndilo mdomo.

Kata mguu sentimita 30 kutoka kwenye pindo. Geuza ndani nje. Upande uliokatwa, ushone sentimita 1.5 kutoka ukingoni, kisha pita tena juu yake. Ili kisimame chenyewe, bana kila kona ya chini ifanye ncha ya pembetatu, pima sentimita 3 kutoka kwenye ncha, shona kukatiza. Geuza tena. Kinasimama mezani kikiwa na chaja, betri na waya zake.

Badilisha sindano, tia namba 16. Pale penye mshono mnene wa jinzi, gonga kwanza kwa nyundo mara kadhaa mpaka ulainike, kisha uvuke kwa kuzungusha gurudumu. Jinzi inayovutika kama mpira haifai, kifuko kitakaa upande. Na ukitaka kukitundika, tumia kamba ya mkanda wa suruali hiyohiyo, uishone kwenye pindo kwa mraba wenye msalaba katikati.